Mnavu Dume: Kisa cha Mche Uliochanua Bila Kuzaa

Mamkubwa alinipigia simu mwisho wa masika, na siku hiyo hakuanza na salamu. Alitaka kujua kama huku Unguja tumeshaletewa mdudu anayekula mbegu za mnavu ndani kwa ndani. Mnavu wake, alisema, umejaa maua kutoka chini hadi kileleni, lakini maua yanapukutika, na vitunda vichache vinavyoshika akivibonya vinatoa maji matupu. "Mbegu hamna, mwanangu. Nimebonya mpaka vidole vimekuwa zambarau. Huu umenigeukia dume."

Nilicheka. Mpapai una dume, nikamwambia, mnavu hauna. Ua lake moja lina vyote viwili, cha kike na cha kiume. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa unaochanua usizae unaitwaje?"

Kumjibu kulinichukua miezi minne, safari mbili za boti, chupa ya soda, na jibu moja la makosa ambalo nililiandika kwenye daftari kwa wino na kulipigia mstari chini.

Nieleze kwanza kilichokuwepo. Nyumba yake ipo kijiji kimoja karibu na Konde, kaskazini mwa Pemba. Nyuma ya nyumba kuna kisima cha zamani, na maji yanayomwagika pale hayaachi ardhi ikauke mwaka mzima. Pembezoni, kati ya migomba na magimbi, mnavu huota wenyewe. Hakuna aliyeupanda. Ni mche wa kufika magotini, wenye majani madogo, maua meupe kama ya pilipili, na vitunda vyeusi vinavyong'aa kama macho ya kamba, vyote vimening'inia kutoka sehemu moja ya kikonyo mfano wa miti ya mwavuli. Vikiwiva watoto huvila. Vikiwa vibichi vina sumu, na hilo kila mzazi pale analijua. Majani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakatiwa tui.

Mwaka uliotangulia, mkwewe aliyekuwa akifanya kazi Arusha alimletea kifuko cha mbegu za mnavu wa majani mapana, ule unaolimwa bara kwa ajili ya soko. Jani moja la mnavu ule hujaza kiganja. Mamkubwa aliupanda vuli hiyo kwenye tuta hatua mbili kutoka kisimani, ukastawi, na vitunda vyake vilikuwa vikubwa, vya zambarau iliyokolea, visivyong'aa sana. Mvua zilipokatika akachuma vitunda vyote, vya kisimani na vya mgeni, akavikamua kwenye bakuli moja, akaosha mbegu, akazianika juu ya gazeti. Bakuli lile nililisikia siku ya tatu ya kukaa kwake, tena kwa bahati, alipokuwa akimweleza jirani jinsi ya kutunza mbegu.

Masika akazisia zote pamoja. Na hapa niseme jambo ambalo simu haikulisema: nilipofika Pemba nilikuta tuta zima linazaa. Miche midogo ya aina ya kisimani ilikuwa imejaa vitunda, ya majani mapana nayo hivyo hivyo. Isiyozaa ilikuwa minne tu. Lakini minne hiyo ilikuwa mirefu kuliko yote, ya kijani kilichokolea, imeshiba, na mamkubwa alikuwa ameihamishia mahali pazuri kuliko pote, karibu na ukingo wa kisima, akaitia samadi ya mbuzi. Alipokuwa akisema "mnavu wangu" kwenye simu alikuwa anaisema hiyo.

Mtu akikwambia mmea unachanua bila kuzaa, unaanza na yale ya kawaida. Joto linaweza kupukutisha maua. Wakulima wa tungule wanalijua vizuri. Samadi nyingi inaweza kuusukuma mche kwenye majani ukasahau matunda. Nyuki nao huenda hawafiki. Maua ya jamii hii yana tabia yake: chavua imefungiwa ndani ya vifuko vya manjano vilivyobanana katikati ya ua, na hutokea kwenye vitundu vya juu tu. Nyuki anayejua kazi huling'ang'ania ua na kuvuma kwa nguvu mpaka chavua imwagike kama chumvi kwenye kichupa. Nyuki wa asali hana ufundi huo.

Ila hoja hizo zote zilianguka kwa kuangalia tu. Mnavu wa kisimani ulikuwa hatua tatu kutoka pale, unakunywa maji yale yale, unapigwa na jua lile lile, unatembelewa na nyuki wale wale, na umezaa mpaka vitawi vinainama. Tena mnavu kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Hata nyuki asipofika, matunda yatashika. Samadi ningeweza kuilaumu, lakini mche mmoja wa majani mapana ulikuwa umeipata samadi hiyo hiyo na ulikuwa unazaa. Kasoro basi ilikuwa ndani ya mche.

Nikaushika shina. Mnavu wa kisimani una shina la mviringo, laini. Wa majani mapana una migongo mirefu kwenye shina, kama pembe za boksi zilizoinuliwa, ukipitisha kidole unaisikia. Hii minne ilikuwa na migongo hiyo, lakini hafifu. Majani yake hayakuwa madogo wala mapana. Hapo nilipaswa kujua. Sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuhesabu kromosomu, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya kila seli, na mtu akishaamua kuhesabu huacha kutazama.

Kuhesabu kwenyewe si kazi ya ajabu. Unahitaji ncha za mizizi michanga, kwa sababu pale ndipo seli zinagawanyika kila siku, na seli inapogawanyika ndipo kromosomu zinapojikunja zikawa vijiti vinavyoonekana. Safari ya kwanza nilichimba mizizi saa 3 asubuhi, wakati ambao ncha huwa na seli nyingi zinazogawanyika, nikaitia kwenye maji ya barafu ili mgawanyiko usimame pale pale kromosomu zikiwa zimekunjamana. Nilipanga kufika Unguja jioni ile. Boti ikachelewa, barafu ikayeyuka njiani, na kesho yake chini ya hadubini nikakuta uji. Si seli, uji.

Kilichoniokoa ni uvivu. Nilikuwa nimekata vitawi vinne, kimoja kutoka kila mche, nikavichomeka kwenye chupa ya soda yenye maji ili nivichore majani nikifika nyumbani. Niliisahau chupa dirishani jikoni. Baada ya siku tisa vitawi vilikuwa vimetoa mizizi meupe kama nyuzi za tambi. Mizizi safi, isiyo na mchanga, hatua kumi kutoka kwenye friji. Nikaenda tena kutafuta vitawi vya ile mingine, wa kisimani na wa majani mapana, na safari ya pili nilirudi na chupa tatu mapajani. Abiria mmoja akaniuliza ni dawa ya nini.

Kazi inakwenda hivi. Ncha ya mzizi, urefu wa punje ya mchele, inakaa kwenye maji ya barafu usiku kucha. Asubuhi inahamia kwenye mchanganyiko wa spiriti sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja, ambao unaiua seli bila kuivuruga. Kisha inapashwa moto kidogo, nyuzi 60, katika asidi nyepesi ya hidrokloriki kwa dakika kama kumi ili gundi inayoshikanisha seli ilainike. Ikitoka hapo unaikata ncha kabisa, milimita moja, unaiweka kwenye kioo na tone la karmini, rangi nyekundu, unafunika na kioo chembamba, na unaigongagonga kwa upande wa njiti ya kibiriti usioungua. Taratibu. Kisha unaweka karatasi ya kunyonya wino juu, na unakandamiza kwa kidole gumba bila kukipeleka huku wala huku. Kidole kikiteleza hata kidogo, seli zinaviringika na umeharibu mzizi mzima. Nimeharibu mingi.

Kromosomu za mnavu ni ndogo, hazizidi mikroni chache. Kwenye lenzi kubwa ya mafuta zinaonekana kama ufuta mwekundu uliomwagika. Zikiwa chache unahesabu kwa raha. Zikizidi 40 zinapandana, mbili zinaonekana moja, moja yenye kiuno chembamba inaonekana mbili. Mche wa kwanza wa mamkubwa ulinipa 46, kisha 49, kisha 48, kisha 47. Unachofanya ni kuchora kila seli kwenye karatasi, chembe kwa chembe, na kutozihesabu zile ambazo zimepandana vibaya. Seli safi zilirudi kwenye 48.

Aliyewahi kufanya kazi hii hawezi kuwacheka waliotutangulia. Tangu Theophilus Painter, mwanabiolojia wa Marekani, alipohesabu kromosomu za binadamu miaka ya 1920 akapata 48, vitabu viliandika 48 kwa zaidi ya miaka 30, na watu wakachungulia hadubini wakaziona 48 kwa sababu ndizo walizotarajia. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, wakiwa Lund nchini Sweden, wakaonyesha kuwa ni 46. Wote wawili walikuwa wamezoea kazi ya mimea. Levan alikuwa ametumia miaka mingi kwenye mizizi ya vitunguu. Napenda kuwakumbusha wanafunzi wangu hilo, hasa wale wanaosema botania ni somo la wasiopata nafasi ya udaktari.

Sasa nije kwenye kosa langu. Jamii kubwa ya mnavu, tungule na biringani inahesabiwa kwa 12. Tungule ina kromosomu 24, yaani seti mbili za 12. Biringani 24, pilipili 24. Mbatata tunayokula ina 48, seti nne. Tumbaku nayo 48. Na mnavu? Hapa jina letu linatuficha kitu, kwa sababu tunaloliita mnavu ni kundi la spishi kadhaa. Solanum americanum ina 24. Solanum villosum ina 48. Solanum scabrum ina 72, na Solanum nigrum yenyewe, ambayo jina lake hubandikwa kila mnavu unaopita, ina 72. Si Waswahili peke yetu tuliozichanganya. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753 alizitia karibu zote ndani ya nigrum kama aina zake ndogo ndogo. Miaka 15 baadaye, mwaka 1768, Philip Miller, mtunza bustani ya dawa ya Chelsea jijini London, akazitenganisha hizo tatu nilizozitaja kwanza. Hakuwa na habari ya kromosomu, kwani hakuna aliyekuwa nayo. Alitumia macho ya mtunza bustani, rangi ya tunda, umbo la jani, manyoya ya shina. Karibu karne mbili baadaye hesabu za hadubini zilipokuja, mipaka yake ilisimama.

Mimi nilikuwa na hadubini ambayo Miller hakuwa nayo na nikafanya vibaya kuliko yeye. Niliona 48, nikakumbuka orodha, nikaandika: "Ni S. villosum. Wa asili hapa au umeletwa? Kuuliza." Mstari chini.

Usiku ule nilipokuwa nikioga ndipo likanijia suala la vidole vya mamkubwa. Vilikuwa zambarau. Villosum huzaa vitunda vya rangi ya machungwa, hata vikaiva vikawa vyekundu. Haviwezi kumpaka mtu zambarau. Halafu la pili, kubwa zaidi: villosum ni mmea mzima, unaozaa mbegu zake bila taabu. Kuusema ndio huo hakukuwa kunajibu chochote. Nilikwenda kutafuta kwa nini mche hauzai, nikarudi na jina la mche unaozaa.

Namba ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kudhani kwamba namba ni ukoo. Shilingi 48 mfukoni hazisemi kama ulilipwa zote na mtu mmoja au ulipewa na wawili.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: kuhesabu majirani. Mnavu wa kisimani, ule wa mwitu, ukanipa 24, na hesabu yake ilikuwa starehe, kromosomu zimelala mbali mbali kama kuku wanaoota jua. Kwa vitunda vyake vinavyong'aa na kuning'inia kama mwavuli, ni americanum bila ubishi. Wa majani mapana ulinitesa siku mbili, lakini seli mbili nzuri zilifika 72. Scabrum. Sasa chukua nusu ya kila mmoja, kwa sababu chavua na yai hubeba nusu tu: 12 kutoka kwa wa kisimani, 36 kutoka kwa mgeni. Jumla 48.

Ipo hoja ambayo mtu makini angenitolea hapa, na nilijitolea mwenyewe. Mbona isiwe kwamba mnavu wa kisimani umezidisha kromosomu zake wenyewe, 24 mara mbili, ukapata 48 bila mgeni yeyote? Hutokea kwa mimea. Seli inajigawa nusu nusu na kushindwa kutengana, na seti zinabaki mara mbili. Ila mche wa namna hiyo ungekuwa mnavu wa kisimani ulionenepa, na shina lake lingebaki la mviringo. Migongo ile hafifu ya shina haikutoka kisimani. Vitunda vichache vilivyoshika havikuwa na ule mng'ao, na havikukaa kama mwavuli. Vilipangana kidogo kwenye kikonyo, kama vya scabrum. Kila nilipopima jambo, minne ilisimama kati. Hata vitundu vya kupumulia chini ya jani: nilipaka rangi ya kucha ya mwanangu, isiyo na rangi, nyuma ya majani ya aina tatu, nikaiacha ikauke, nikaibandua kwa selotepu na kuitia kwenye kioo. Seti zikiongezeka seli nazo huelekea kukua, na vitundu vya wa kisimani vilikuwa vidogo, vya scabrum vikubwa, vya minne katikati. Peke yake ushahidi huo ni mwepesi. Pamoja na shina na tunda, unatosha. Rangi ya kucha sikuirudisha.

Kwa nini basi mche huo wa chotara hauzai? Jibu limo kwenye chavua. Nilitia maua kwenye spiriti, nikafungua vifuko, nikaweka tone la karmini. Chavua yenye uhai ndani yake hunywa rangi na kuvimba ikawa shanga nyekundu. Iliyo tupu hubaki kivuli, imekunjamana kama zabibu kavu isiyo na rangi. Ya kisimani karibu yote ilikuwa shanga. Ya minne, shanga hazikufika robo.

Mmea ukitengeneza chavua, kromosomu lazima kwanza zijipange wawili wawili, kila moja na mwenziwe anayefanana naye, ndipo zitengane nusu kwa nusu. Fikiria mlango wa msikiti siku ya Ijumaa, ndara zimerundikana. Kila mtu akipata jozi yake, watu wanatawanyika kwa dakika tano. Sasa fikiria rundo lenye jozi 12 kamili na ndara nyingine 24 za mguu mmoja mmoja, zilizotoka nyumba tofauti. Jozi zitaondoka. Zilizobaki zitaokotwa ovyo, huyu mbili, yule saba, wa tatu hakuna. Kromosomu 12 za wa kisimani zinaweza kupata wenzao kwa mgeni, kwa sababu wanakaribiana ukoo. Seti nyingine mbili za mgeni, zile 24, zimekuja bila wenzao. Zikigawanywa ovyo, chavua moja inapata nyingi mno, nyingine inapungukiwa, na zote mbili zinakufa. Mayai yaliyomo ndani ya ua yanapita njia hiyo hiyo. Majani hayana shida, kwa sababu seli ya jani haipangi jozi. Inanakili tu ilichonacho na kuendelea. Ndiyo maana mche ulikuwa mzuri kiasi kile na tasa kiasi kile.

Kisa hiki kina ndugu yake mbali. Uingereza mnavu wa huko wenye kromosomu 72 umekutana na mgeni kutoka Amerika Kusini, Solanum physalifolium, wenye 24, na chotara wao amepewa jina, Solanum × procurrens. Ana 48, na ni tasa. Hesabu ya Konde na hesabu ya kule ni moja.

Na wapo waliopita kwenye mlango huo wakatoka salama. Mnavu wenyewe wa 72, nigrum, inaaminika ulizaliwa hivi: wa 24 ulichavushana na wa 48, akapatikana chotara wa 36, tasa, kisha kwa ajali ya kutotengana kromosomu zikajirudia mara mbili, 72, na ghafla kila ndara ikapata jozi yake, kwa sababu kila moja ilikuwa na nakala ya pili ya nafsi yake. Tasa akawa mzazi. Minne ya mamkubwa ikijirudia hivyo ingefika 96. Nilivibonya vitunda vyote nilivyoviona safari ya pili nikitafuta mbegu iliyojaa. Nilipata ngozi, maji, na doa la zambarau ambalo halikutoka kwenye shati.

Swali lililobaki lilikuwa la kilimo, na kwangu lilikuwa jepesi. Mnavu hujichavusha mara nyingi, ndiyo maana tuta zima halikuwa machotara bali minne tu. Lakini mara nyingi si kila mara, na nyuki mmoja anayevuma anatosha. Anayetaka mbegu safi ya mnavu wa majani mapana avishike vikonyo vichache vya maua kabla havijafunguka, avifunge na kipande cha chandarua, aviache vijizalie, na achume mbegu humo tu. Wa kisimani afanye hivyo hivyo. Na bakuli ziwe mbili. Niliyaandika yote haya kwenye karatasi, nikaongeza kwamba minne ile ing'olewe kwa kuwa haina faida ya mbegu na inanyonya samadi bure.

Nilifika Konde kabla ya vuli na karatasi yangu. Mamkubwa alikuwa anachuma mboga nyuma ya nyumba. Pale ilipokuwa miche minne kulikuwa na visiki vifupi vinavyochipua, na kando ya mfereji wa maji ya kisima mstari mzima wa mnavu, miche kama 30, yote ya urefu mmoja, kijani kimoja, migongo hafifu kwenye shina.

"Umetoa wapi mbegu?" nikamuuliza.

"Mbegu gani? Si mwenyewe ulikuja na chupa zako, ukakata, ukatia majini, ukaniambia kwenye simu umeota? Na mie nikakata."

Nikamsomea karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huku akiendelea kuchuma. Kisha akanieleza ya kwake. Mnavu wa kisimani ukishazaa majani yanakuwa machungu na kupungua, unakufa, unaanza upya. Huu hauna haja ya kuzaa, basi haumalizi nguvu; unachuma leo, wiki ijayo umerudi. Maua akiyaona anayavunja pamoja na kilele, na pembeni kunatoka vilele viwili. Ameshauza mafungu sokoni Konde mara tatu. Niliingiwa na wasiwasi wa sumu, nikamuuliza kama ameula. "Wiki ya tano hii. Nachemsha, namwaga maji, kama mnavu mwengine. Baba yake tunamla, mama yake tunamla."

Nikampa basi ya kutenga mbegu, akaikubali, na la bakuli mbili akalikubali. La kung'oa aliikunja karatasi akaitia kwenye mkunjo wa kanga.

Wakati nakunywa chai alipita mtoto wa jirani na kisu na mfuko mtupu wa unga. Mama yake amemtuma, alisema, aombe vipando vitano vya mnavu dume.